Kopi Mbili, Wako Mmoja: Kupiga Muziki wa Jukwaani Mjini Juba

Kabla hujafungua mfuko wa gitaa lako mjini Juba, nenda Custom jioni moja. Usibebe chombo, beba masikio. Custom ni mzunguko wa barabara, ni soko, ni kituo cha magari, bodaboda na raksha, na ni safu ya maduka ya simu ambayo kila moja limetoa spika yake nje. Simama dakika 10 mbele ya duka moja, kisha sogea la pili. Utasikia nyimbo za Kampala, Bongo Fleva, rumba ya Kongo, injili ya Nairobi, muziki wa Khartoum na wa Addis Ababa, na katikati yake vijana wa hapa wakiimba kwa Kiarabu cha Juba, Kidinka, Kinuer na Kibari. Andika kila wimbo uliousikia zaidi ya mara moja. Halafu mwangalie mama muuza chai: ni wimbo gani unamfanya atikise kichwa huku akimimina? Huo uwekee nyota. Orodha yako ya kwanza ya kazi ndiyo hiyo.

Mimi nilikosea hapo. Nilikuja Juba kupiga besi katika bendi ya watu 6, na tulikuja na zilizopendwa 40 tulizozifanyia mazoezi Mombasa kiasi kwamba hata tungeamshwa usiku wa manane tungezipiga bila kukosea. Usiku wa kwanza watu walitusikiliza kwa heshima, wakala, wakanyamaza. Walisimama kucheza mara mbili tu: tulipopiga wimbo wa Kampala ambao mpiga kinanda wetu aliujua kwa bahati, na tulipoingia reggae. Kesho yake tulishinda Custom tukisikiliza, tukaanza kupanga upya.

Mwongozo huu ni kwa ajili yako wewe mwenye bendi ndogo, watu 4 hadi 8, unayetaka kupiga hotelini, kwenye bustani za kando ya Nile, harusini na kwenye sherehe za mashirika, na ambaye ndani ya daftari una nyimbo zako mwenyewe zinazosubiri. Wapigaji tunaziita nyimbo za watu wengine kopi. Kuna wanaoziona kopi kuwa aibu, na kuna waliozama humo wakasahau kwamba waliwahi kutunga. Kanuni yangu haiko huku wala kule: kopi mbili, wako mmoja. Ukipiga nyimbo 30 kwa usiku, 10 ziwe zako. Kama bado huna 10, anza na 3, lakini hizo 3 zipigwe kila usiku bila kukosa.

Mji huu una kumbukumbu

Usidhani unaleta dansi mahali pasipokuwa na dansi. Baada ya mapatano ya Addis Ababa ya 1972, Juba ilikuwa makao makuu ya serikali ya Kusini, na katika miaka hiyo bendi kama Skylarks na Rejaf Jazz zilichezesha watu hapa kwa magitaa yaliyosikika yameelekeza sikio Kongo na Afrika Mashariki. Rejaf, iliyoipa bendi ile jina lake, ni mahali kando ya Nile, kusini mwa mji. Vita vilivyoanza 1983 vilitawanya watu: wengine Khartoum, wengine Kampala, wengine Nairobi na kambi ya Kakuma. Waliporudi, kila mmoja alirudi na nyimbo za mahali alikokulia. Ndiyo maana meza moja ya hapa inaweza kuwa na mzee anayetaka rumba ya miaka ya 1970, binti yake anayetaka wimbo wa Uganda wa mwezi uliopita, na mgeni wao aliyesoma Nairobi anayeitikia kwa Kiswahili cha mtaani.

Ukimpata mzee aliyecheza dansi wakati ule, mnunulie chai, umwombe akuimbie wimbo mmoja anaoukumbuka. Rekodi kwa simu. Ukiupanga vizuri na magitaa yako, una kopi ambayo hakuna bendi iliyoshuka juzi kutoka Nairobi inayo.

Kukopi vizuri

Kukopi ni kazi ya sikio na ya adabu, na wengi wanaifanya kwa uvivu. Wanaupata wimbo juu juu, wanaijua melodi na kodi (chords) tatu za gitaa, basi. Hadhira ya Juba haikuzomei. Inarudi kwenye simu zake tu, na hiyo ni hukumu kali zaidi.

Wimbo mpya usikilizwe kwa tabaka. Siku ya kwanza besi na tumba tu, au besi na drams kama tumba hamna. Hao wawili wakae pamoja saa nzima bila mwimbaji, mpaka mtu akipita nje aujue wimbo kabla hajasikia neno. Siku ya pili gitaa la ridhimu liingie, kisha solo. Sauti zije mwisho. Kwa rumba ya Kongo usisahau mi-solo, gitaa linalotembea katikati ya solo na ridhimu. Wapigaji wengine hutoa uzi wa nne, ule wa D, wakaweka uzi mwembamba na kuuvuta oktava moja juu ili gitaa litoe ule mlio wa kumeremeta. Bendi yenye gitaa moja inaweza kumpa mpiga kinanda kazi hiyo. Kuiacha kabisa ndiko kunakofanya rumba isikike kama chakula bila chumvi.

Piga kwa uaminifu mlango wa wimbo, yaani zile sekunde 20 za mwanzo, na kiitikio. Humo ndimo mtu anamoutambulia wimbo wake. Katikati jiachie, sebene iwe yenu. Bendi inayonakili hata makosa ya rekodi inajichosha bure, na ile inayobadilisha mlango inamnyima mtu furaha ya kusema "huu ni wimbo wangu!" na kuinuka.

Ufunguo wa wimbo uchaguliwe kwa koo la mwimbaji wenu, si kwa rekodi. Mkishusha hatua moja au mbili, mpiga solo lazima ajifunze upya vidole vyake kwa sababu nyuzi za wazi alizozitegemea hazipo tena. Mpe wiki moja na umwachie afanye kazi yake.

Lingala isiimbwe kwa kubahatisha. Wakongo wako Juba, wanafanya biashara na kazi za mikono, na watakusikia. Mtafute mmoja, akusomee maneno silabi kwa silabi na akueleze maana yake. Mfano ni "Mario" wa Franco na TPOK Jazz wa mwaka 1985, ambao watu wa umri fulani bado wanauomba kotekote Afrika Mashariki. Unasimulia habari za kijana anayeishi kwa kutunzwa na mwanamke aliyemzidi umri, unakwenda zaidi ya dakika 10, na unataka sauti mbili zinazojibizana, Franco mwenyewe na Madilu System. Mwimbaji asiyejua kwamba ni ugomvi wa nyumbani atauimba huku anatabasamu toka mwanzo hadi mwisho, na Mkongo aliyeketi pembeni ataona aibu kwa niaba yake.

Na umtaje mwenye wimbo. Sekunde tano zinatosha. Historia ya "Malaika" inaonyesha kwa nini. Fadhili William aliurekodi Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1960, Miriam Makeba akaueneza duniani, Boney M wakaurekodi tena, na bado ubishi wa nani aliutunga haujaisha. Adam Salim ni mmoja wa waliotajwa kuwa mtunzi wake. Wimbo unaojulikana na dunia nzima, na jasho lake halijulikani kwa hakika ni la nani. Wewe unayepanda jukwaani kuupiga unaweza angalau kuwataja watu hao.

Kisheria, kupiga kopi jukwaani na kuirekodi ni mambo mawili. Kwa desturi ya ukanda wetu, leseni ya muziki unaopigwa hadharani humhusu mwenye ukumbi, anayelipa chama cha wenye haki. Ukirekodi wimbo wa mtu na kuuuza au kuuweka mtandaoni, umeingia kwenye haki zake na unahitaji ruhusa yake. Kenya ina sheria yake ya hakimiliki ya 2001, Uganda ya 2006, Tanzania ya 1999. Nyimbo zako mwenyewe zisajili katika nchi yako kabla hujavuka mpaka, na uhifadhi rekodi za mazoezi zenye tarehe.

Usiku wa kumuenzi mtu mmoja

Kuna bendi zinazoishi kwa kupiga nyimbo za msanii mmoja tu. Ulaya na Marekani hilo ni kazi kamili yenye mavazi na nywele za kuigiza. Kwa Juba sikushauri. Mji haujawa mkubwa kiasi cha kujaza ukumbi kila Ijumaa kwa watu wanaotaka jina lile lile, na baada ya miezi mitatu hakuna atakayekumbuka majina yenu ninyi.

Usiku mmoja mmoja wa kuenzi, huo ninaupenda sana, na unalipa. Tumia kalenda. Oktoba una tarehe mbili zilizokaribiana: Franco alifariki tarehe 12 Oktoba 1989, na Lucky Dube aliuawa Johannesburg tarehe 18 Oktoba 2007. Januari unaweza kumkumbuka Mbaraka Mwinshehe, aliyefariki kwa ajali ya gari Mombasa mwaka 1979. Tangazeni wiki tatu mapema, pigeni nyimbo 12 za mtu huyo bila kuchanganya, na katikati mmoja wenu asimulie maisha yake kwa dakika tatu, kwa Kiarabu cha Juba ikiwezekana. Kisha chukueni mapumziko, na awamu ya pili fungueni kwa wimbo wenu uliotungwa kwa kumkumbuka yeye. Them Mushrooms wa Mombasa waliitendea haki kazi ya namna hii walipotoa "Zilizopendwa" mwaka 1991, nyimbo za wakongwe zikiunganishwa na kupigwa upya kwa sauti ya bendi yao. Vijana ambao hawakuwahi kuona santuri wakazijua.

Kalenda hiyo hiyo ina siku za kuchunga. Tarehe 9 Julai ni uhuru wa Sudan Kusini, uliopatikana 2011, na bendi hutafutwa. Tarehe 30 Julai ni siku ya mashujaa, siku aliyofariki John Garang, kiongozi wa mapambano ya Kusini, mwaka 2005. Siku hiyo usipange dansi kabla hujawauliza wenyeji.

Wimbo wako na mahali pake

Sasa tufike pale ambapo wengi wanapata kigugumizi. Mwimbaji anashika mikrofoni, anakohoa, anasema: "Sasa tunawaletea wimbo wetu mpya, tunaomba mtuvumilie." Hapo meza ya kwanza inainuka kwenda msalani. Umewaambia mwenyewe kwamba kinachokuja ni cha kuvumiliwa!

Usitangaze. Upige kwanza. Uweke wimbo wako baada ya kopi iliyowainua watu, katika ufunguo ule ule na kasi ile ile, bila kunyamaza katikati. Drams ziendelee kutembea huku solo akifungua mlango wa wimbo mpya. Miguu iliyokwisha kuanza kucheza haiulizi mtunzi ni nani. Wimbo ukiisha na watu wangali wamesimama, ndipo useme: "Huo ni wetu, unaitwa hivi." Kisha uwape kopi nyingine wanayoijua. Kopi, wako, kopi. Usiuweke wa kwanza, kwa kuwa ukumbi bado unaagiza vinywaji, na usiuweke wa mwisho, kwa kuwa watu wanatafuta funguo za magari.

Mara ya kwanza usizidi dakika nne. Kiitikio kiwe na maneno machache katika lugha ambayo ukumbi unaijua. Emmanuel Jal, mzaliwa wa Sudan Kusini aliyekulia Kenya, kwenye albamu yake "Gua" alichanganya Kiarabu, Kiingereza, Kiswahili, Kidinka na Kinuer, na Wakenya waliipokea. Juba ni mji wa mchanganyiko huo kila siku. Ubeti wa Kiswahili wenye kiitikio cha Kiarabu cha Juba unaweza kukaa vizuri kabisa. Ila mtafute mwenyeji akusahihishie, maana Kiarabu cha Juba si Kiarabu cha vitabuni, na ukianza na salamu tu, "Ita kweis?", iseme kama wanavyoisema wao.

Utunge juu ya nini? Teddy Kalanda wa Them Mushrooms alikuwa na bendi iliyowapigia watalii katika hoteli za pwani ya Kenya. Aliona wageni wanavyofurahia kujifunza salamu za Kiswahili, akazitia salamu hizo katika wimbo. "Jambo Bwana" ilitoka 1982, na mwaka uliofuata Boney M wakaja na toleo lao. Wale wale waliolipa kusikiliza kopi ndio waliompa wimbo wake, kwa sababu aliwatazama. Fanya hivyo hapa. Tazama wanaokupigia makofi: dereva wa lori atokaye mpakani Nimule, mhudumu wa hoteli aliyetoka Gulu, mama aliyerudi kutoka Khartoum akakuta kiwanja chake kina mtu. Hawa wana habari ambazo hakuna wimbo wa Kinshasa uliozisimulia.

Mdundo nao utafute hapa. Gordon Koang, Mnuer aliyezaliwa kipofu, alijulikana kwa kupiga thom, kinanda cha nyuzi cha kwao, na kukiunganisha na spika. Vita vilimfikisha Australia, na huko alitoa albamu "Unity" mwaka 2020, na watu wasiojua neno hata moja la Kinuer wakamsikiliza. Mpiga gitaa akikaa siku mbili na mpiga thom atatoka na mlango wa wimbo ambao hangeupata kwa kusikiliza redio mwaka mzima. Mlipe huyo mpiga thom kwa muda wake, na umtaje.

Bendi za Dar es Salaam zilikuwa na mazoea mazuri: kila bendi ilikuwa na mtindo wenye jina. Ukisema Msondo, mtu anaijua ile iliyoanza kama NUTA Jazz mwaka 1964. Ukisema Sikinde, anaijua Mlimani Park iliyoanza 1978. Jina la mtindo lilibeba nyimbo mpya mabegani. Anzeni na mdundo mmoja mnaoupiga kuliko wengine wote mjini, muupe jina, na nyimbo zenu tatu za kwanza zote zikae juu yake.

Kila wimbo wako mpya upigwe wiki nne mfululizo mahali pale pale. Wiki ya tatu sikiliza kama kuna mtu anaitikia. Wiki ya nne, kama hakuna hata mmoja aliyeuomba au aliyeuliza jina lake, urudishe nyumbani, ubadilishe kiitikio au uuache. Hili linauma, nalijua. Lakini ukumbi wa Juba ni mwalimu wa bure, na studio inalipiwa kwa saa.

Kuna kitu cha kuacha nje. Mji huu ulipigana Desemba 2013 na tena Julai 2016, na waliofiwa wameketi mbele yako wanakula. Usiimbe jina la kabila kwa sifa wala kwa dhihaka, usimsifu kiongozi mmoja kwa kuwa mtu wake amekupa noti, na ukiombwa wimbo wa lugha usiyoijua, mwulize kwanza mwenyeji unasema nini.

Jenereta, jua na mvua

Uliza jenereta kabla hujauliza malipo. Kumbi nyingi hapa zinaishi kwa jenereta, na hiyo hiyo inaendesha friji na taa. Friji inapoamka, umeme unashuka, kinanda kinajizima katikati ya wimbo. Jumlisha wati za vyombo vyenu vyote, kisha hitaji jenereta yenye uwezo mara mbili ya hapo. Ya kVA 5 hutoa kama wati 4,000. Bendi ndogo inatosheka nayo ikiwa friji hazimo. Njoo na kifaa chako cha kusawazisha umeme, na kinanda na mikisa vipite humo. Sogeza jenereta mbali na jukwaa, nyuma ya ukuta, la sivyo mikrofoni zitaimba nayo. Mafuta ya saa zote za kazi yawepo kabla hamjaanza. Uyaone kwa macho.

Spika kubwa zikae mbele ya mstari wa mikrofoni, kamwe zisiwe nyuma ya mwimbaji, na ule mluzi wa mikrofoni hutausikia. Kujaribu sauti kufanyike saa 10 au 11 jioni, ukumbi ukiwa mtupu, mkikumbuka kwamba ukijaa, miili ya watu itameza sauti za juu.

Joto la hapa linaharibu vyombo. Machi 2024 serikali ilifunga shule nchini kote kwa sababu ya joto kali. Usiache gitaa ndani ya gari mchana, gundi ya daraja lake italegea. Nyuzi zilizopata joto hushuka sauti na usiku ukipoa hupanda, kwa hiyo ziweke sawa baada ya chombo kukaa jukwaani nusu saa. Zifute jasho kila baada ya awamu. Njoo na seti tano za nyuzi kutoka kwenu. Usitegemee kuzinunua usiku wa kazi. Mvua huanza karibu na Aprili na kuendelea hadi Oktoba, na bustani za mtoni hazina paa. Turubai nzito mbili ni sehemu ya vyombo vyenu kama ilivyo besi.

Malipo, tuzo na njia ya kurudi

Kwanza mpaka. Sudan Kusini iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, na barabara ya lami kutoka Nimule, kilomita 192, ilifunguliwa 2012, lakini vyombo havipiti kwa kuwa wewe ni jirani. Andika orodha ya kila chombo na namba yake, igongwe muhuri kwenye vituo vya mpaka vya Elegu na Nimule, ubaki na nakala. Bila karatasi hiyo, wakati wa kutoka unaweza kuambiwa ulipie gitaa ulilokuja nalo. Beba pasipoti na kadi ya chanjo ya homa ya manjano, na uulize ubalozi kuhusu kibali cha kazi.

Makubaliano na mwenye ukumbi yaandikwe, hata kama ni ujumbe wa simu: saa za kuanza na kumaliza, awamu ngapi, chakula, nani ananunua mafuta, na malipo ni kwa dola au kwa pauni ya Sudan Kusini. Pauni imeshuka sana miaka hii. Mkikubaliana kwa pauni leo na kulipwa mwisho wa mwezi, mmepoteza. Nusu ilipwe kabla hamjafunga nyaya. Ukumbi mmoja ulitudai tupige wiki mbili kwa ahadi, na mwenyewe akawa hapatikani kwenye simu. Kosa lilikuwa letu pia, kwa kuanza wiki ya pili.

Watu wa hapa wakifurahi hutunza, noti zinabandikwa kwenye paji la uso la mwimbaji au kuwekwa miguuni pake. Pesa hizo ni za nani? Jibuni swali hilo siku ya kwanza ya mazoezi, kabla hamjapata hata shilingi. Mimi nasema sanduku moja, funguo mbili, mgao sawa kila baada ya kazi mbele ya wote, mpiga tumba na kijana wa kufunga nyaya wakiwemo. Nimeona bendi nzuri ikifa kwa sababu mwimbaji alikuwa na mifuko na mpiga besi hakuwa nayo. Mtunzi wa nyimbo zenu naye awe na haki yake tofauti, iandikwe: kopi inaliwa kwa pamoja, lakini wimbo wenu ukinunuliwa kwa ajili ya tangazo la redio, mtunzi apate sehemu yake ya kwanza.

Kurudi nyumbani ni sehemu ya kazi. Usiwaache wapigaji wapande bodaboda na vyombo saa 7 usiku. Gari la ukumbi liwarudishe, na liwe kwenye makubaliano. Usipige video barabarani, darajani wala karibu na majengo ya serikali bila kibali. Ndani ya ukumbi rekodi kila usiku, kwa simu moja iliyowekwa katikati ya chumba, na kesho yake msikilize wote, hasa nyimbo zenu.

Rekodi safi ya wimbo mmoja wenu ipelekeni redio. Eye Radio na Radio Miraya zinasikilizwa mji mzima. Msipeleke kopi, Franco hahitaji msaada wenu kufika redioni.

Ukija Juba, njoo na nyimbo zako tatu zilizokamilika, zenye mlango, kiitikio na mwisho. Kopi utazipata hapa hapa, Custom, jioni moja.